Mtoto wa Chumba cha Mazoezi

4 Februari

Timazi mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Mama hajambo. Presha imetulia, mdomo ndio haujatulia. Kila siku ananiuliza kwa nini mwezi mzima huandiki, nami namjibu kwamba mwanawe anajenga wodi mpya ya hospitali, si banda la kuku. Ananijibu kwamba hata anayejenga ikulu ana mikono ya kushika kalamu.

Pamoja na barua hii utaona boksi. Usicheke kabla hujafungua. Ni vile vipande vya mbao nilivyokueleza ulipokuja likizo: vinundu juu, matundu chini, kimoja kinakalia kingine. Nimevichora mwenyewe na kuvikata mwenyewe hapa kiwandani, themanini na vinne kwa jumla. Tofauti yake na vitu vingine vya kuchezea tunavyotengeneza ni kwamba havina picha kwenye kifuniko. Mtoto haambiwi ajenge nyumba wala gari. Anajenga kinachomjia kichwani.

Meneja hataki. Anasema mzazi hanunui kitu asichojua kitakuwa nini. Nimemwomba anipe mpaka mwisho wa Juni nimletee ushahidi wa watoto waliovitumia. Akikataa, narudi kupaka vijigari rangi nyekundu, na habari ya kuchora inaishia hapo. Maboksi mawili nimewapa walimu wa chekechea hapa mtaani. Hili la tatu ni lako. Hapo hospitali watoto hawakosekani. Mpe mmoja, umtazame, uniandikie ukweli.

Najua utasema nini. "Dada anajenga nyumba za panya, mimi najenga za watu." Sema tu, lakini tazama. Mtu ambaye mafundi wenzake wamemwita Timazi kwa sababu haruhusu ukuta kupinda hata unywele, hawezi kushindwa kuona kosa la kipande cha mbao.

Dada yako

27 Februari

Dada, shikamoo.

Usishangae kuona herufi za mashine. Karani wa hapa ana mashine ya chapa, amenifundisha, najizoeza. Ndiyo maana nimechelewa, na ndiyo maana sitaandika mengi.

Kazi inaendelea. Kuta za ghorofa ya pili zimefika linta, juu ya madirisha.

Boksi limefika. Kuhusu picha, mimi niko upande wa meneja wako. Mtu hajengi bila ramani. Ukimpa kibarua tofali bila kumwonyesha ukuta unaelekea wapi, atakujengea kisima.

Hata hivyo nimekutii. Kwenye jengo la zamani kuna chumba cha mazoezi ya viungo. Kina meza ndefu, kioo ukutani, kamba za kuvuta na mipira. Msimamizi wake ni mama mnene mwenye sauti ndogo, wote tunamwita Mama Mazoezi. Humo kuna mtoto aliyeanguka, mkono wa kulia ukavunjika mahali pawili na mshipa wa fahamu ukaumia. Mfupa umeunga lakini vidole havisikii amri. Nimempa boksi lako.

Siku ya kwanza alipanga vipande vitatu. Cha nne kikakataa kuingia. Akainuka, akaondoka.

Mwambie Mama niko salama.

Timazi

9 Machi

Mdogo wangu,

Hongera kwa mashine, ingawa Mama hajaipenda. Anasema barua yako inafanana na barua ya kudaiwa kodi.

Umenipa habari nusu. Huyo mtoto ana miaka mingapi? Ni wa kike au wa kiume? Alipoondoka alilia, au alinuna? Mbunifu hawezi kufanya kazi na "akaondoka".

Kuhusu kubana, vinundu vinabana kwa makusudi. Sifa ya kipande ni kushika. Nikivilegeza, mtoto atajenga mnara, utikiswe kidogo, chini. Kwa hiyo mwambie asidekezwe. Mvumilivu hula mbivu. Akishindwa leo ajaribu kesho, na wewe usisimame hapo kumhurumia, kwa sababu nakujua, mwili mkubwa moyo wa jeli.

Kwa jinsi ulivyoandika, nimemwona ni kabinti ka miaka sita hivi, kenye deko kidogo. Nimemkatia vipande kumi na viwili vikubwa na kuvichora maua. Mawaridi manne, alizeti nane. Mpe umwambie vimetoka kwa shangazi asiyemjua.

Dada yako

30 Machi

Dada, shikamoo.

Mtoto ni mkubwa kuliko unavyodhani. Yale maua aliyatazama kwa muda, hakusema kitu. Wagonjwa wenzake ndio waliosema, na wanaendelea kusema mpaka leo. Anashukuru.

Tuache maua. Nimetazama kama ulivyotaka, sasa sikiliza. Kidole gumba chake hakina nguvu ya kubonyeza. Kwa hiyo anatumia kiganja. Kiganja hakibonyezi katikati, kinabonyeza pembeni, basi kipande kinaingia upande mmoja na upande wa pili unanyanyuka. Akiusukuma huo ulionyanyuka, ule wa kwanza unatoka. Anaweza kuzunguka hivyo kwa nusu saa na kipande kimoja. Usinihubirie uvumilivu. Uvumilivu anao. Nguvu ya kidole ndiyo hana.

Kosa liko kwenye mdomo wa tundu. Umekatwa wima, una makali kama dirisha. Kinundu kisipofika sawasawa kinagonga ukingo. Ungekuwa na mlango kidogo wa kukikaribisha, kingejipeleka chenyewe.

Jambo lingine. Mama Mazoezi alichora nyumba yenye dirisha na mlango, akaiweka mezani ili mtoto aiige. Siku hiyo ilikuwa mbaya. Kila akiinua macho anaiona ile nyumba, na kila akiyashusha anaona jinsi ambavyo si ile nyumba. Mwisho aliigeuza karatasi ikalala kifudifudi, akawa anapanga tu, popote kipande kilipokubali kuingia. Saa kumi ilipofika kulikuwa na kitu mezani. Sijui kinaitwaje. Lakini kilisimama, na hakuna aliyeweza kusema kimekosewa, maana hakuna aliyejua kilitakiwa kiweje.

Basi narudisha maneno yangu ya ramani. Ni kwa mtoto huyu tu, wengine nitajua mbele.

Timazi

12 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ya mwisho nimeisoma mara nne. Walimu wa chekechea wananiandikia "watoto wamefurahi sana". Wewe umeniandikia habari ya kiganja na ukingo wa tundu. Nimeibandika juu ya benchi langu.

Nilikasirika, nikubali. Siku mbili nilizunguka nikijisemea fundi tofali anajua nini. Siku ya tatu nilikaa, nikaufunga mkono wangu wa kulia kwa kitambaa, kidole gumba ndani, nikajaribu. Nilishindwa kama mtoto wako, nikatukana kwa sauti mpaka mlinzi akachungulia.

Nimelegeza mdomo wa kila tundu kwa msasa, duara, kama ukingo wa kikombe. Ndani kumebaki kulekule, kwa hiyo kikishaingia kinashika. Ni badiliko la unene wa ukucha, lakini hata mimi nimejenga kwa mkono uliofungwa. Nakutumia seti mpya nzima. Vile vya zamani nirudishie vyote, nipime vilivyobana sana.

Kwa walimu kuna moja litakalokufurahisha. Mtoto wa chekechea amepanga vipande kumi na saba mstari mmoja, mrefu, hakuna kilichopanda juu ya kingine. Mwalimu akamuuliza ni treni? Hapana. Ni nyoka? Hapana. "Ni foleni ya choo." Huyo ndiye ninayetaka meneja amwone.

Lakini Timazi, mbona husemi chochote chako? Barua mbili sasa, mtoto, mtoto. Zamani ulikuwa unaniandikia nani kagombana na nani juu ya pauro, na mpishi gani kaunguza maharage. Kuna nini?

Dada yako

6 Mei

Dada, shikamoo.

Hakuna kitu, ni kazi tu.

Vipande vipya ni vizuri. Juzi vilikubali kumi na kimoja mfululizo. Mama Mazoezi alipiga makofi mpaka wakaja kuangalia kutoka chumba cha pili. Ameuliza kama anaweza kupata maboksi zaidi, ana wagonjwa wengine wa mikono.

Vya zamani nimevirudisha humo kwenye kifurushi. Vingine viligandana, mtoto alishindwa kuvitenganisha, nimevituma hivyo hivyo.

Juma lililopita daktari alisema mkono utarudi nusu. Mtoto aliuliza, nusu ipi?

Mpe Mama shikamoo yangu.

Timazi

15 Mei

Wewe,

Kifurushi kilifika jana mchana. Nilikimwaga kwenye meza ya kulia chakula, Mama akiwa pale anachambua mchele. Vipande vikatawanyika, isipokuwa vile vilivyogandana, vimekuwa kama kipande cha ukuta. Mama alikinyanyua kile kipande cha ukuta, akavaa miwani, akakigeuza. Kisha akaniuliza taratibu:

"Huyu mtoto ni wa nani?"

"Ni wa hapo hospitali. Alianguka."

"Amefundishwa na nani kupanga hivi?"

Nikasema hajafundishwa, ndiyo maana ya vipande vyenyewe, anapanga anavyotaka. Mama akaniambia njoo uone. Dada yako mbunifu nilikuwa nimeukodolea macho ukingo wa matundu, ukuta wenyewe sikuuona. Mama ambaye hajawahi kushika mwiko wa uashi ndiye aliyeuona. Kozi ya pili, ule mstari wa pili kutoka chini, imeanza na nusu kipande. Ya tatu imeanza na kizima. Ya nne nusu tena. Hakuna kiungo hata kimoja kilichokaa juu ya kiungo cha chini yake. Na kwenye kona kimeingizwa kile kidogo kabisa, ambacho watoto wote wanakitupa, ili kona ifunge.

"Mtoto hupanga juu kwa juu mpaka mnara uanguke," Mama akasema. "Kuanguka ndiyo raha yake. Huyu anaogopa ufa." Akauweka ukuta mezani kama mtu anavyoweka yai. "Huyu ni mwanangu. Ameanguka, na wewe ulikuwa unajua?"

Timazi, nililazimika kuapa mbele ya mama yangu kwamba sikujua.

Nimekaa na barua zako zote tangu jana. "Mkubwa kuliko unavyodhani." Ulikuwa unacheka? Nimemwambia mtu mwenye ndevu aache deko. Nimemchorea alizeti! Na ile mashine ya chapa, bila shaka ulikuwa unaigonga kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, ili nisione mwandiko. Na "nusu ipi". Hiyo ndiyo niliyoisoma nikaenda kukaa uani.

Ukisema ulificha kwa sababu ya presha ya Mama, jibu lake ni hili, ameniambia niliandike neno kwa neno: "Presha ni yangu, asinitunzie yeye."

Tunakuja Alhamisi ijayo kwa basi la asubuhi. Usituambie tusije. Barua hii na sisi huenda tukafika pamoja.

Dada yako

2 Juni

Dada, shikamoo.

Nimeandika mara tatu nikachana. Hii naandika kwa mkono wa kushoto, mtanisamehe mwandiko, hata mimi siujui.

Asanteni kwa kuja. Mama alipoingia wodini alinikagua kuanzia kichwani hadi miguuni kama anayenunua mbuzi, kisha akakaa kitandani kwangu akaanza kukunja shuka, na hilo lilinishinda kuliko kama angelia. Wenzangu bado wanamkumbuka. Amewaachia amri kwamba nile mboga.

Siku zote mbili mlizokaa mlikuwa mnanisubiri niseme ilikuwaje, nami nikawa nawaonyesha vipande. Nitasema sasa, maana uso wako haupo.

Ilikuwa tarehe kumi na tisa Januari, asubuhi. Nilikuwa juu ya jukwaa, ghorofa ya pili, napima pembe. Ubao uliteleza. Mafundi walipokuja kunitembelea walisema kamba iliyoufunga ilikuwa mbovu, na mimi niliwaacha waamini hivyo. Haikuwa mbovu. Ule ubao niliufunga mwenyewe, upande mmoja tu. Upande wa pili nilisema nitaufunga nikishapima, kwa sababu wingu lilikuwa linakuja. Mimi, ambaye nimewahi kumfukuza kijana kazini kwa kosa hilo hilo. Mimi ambaye naitwa Timazi.

Sikuwaficha kwa sababu ya presha. Nilificha hilo. Nikisema nimeanguka, mtauliza umeangukaje, na mimi sijazoea kuwa mtu wa kuulizwa. Ilikuwa rahisi kumweka mtoto pale mezani. Mtoto akianguka hakuna anayemuuliza kamba alifunga nani.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Nikiandika habari za mtoto, nilianza kumhurumia. Mimi nilikuwa namchukia yule mwanaume wa kwenye kioo, nilikuwa nageuza kiti nisimwone. Lakini mtoto nilitaka afike vipande kumi. Kwa hiyo usiyasikitikie sana maneno yako ya deko. Yalikuwa yanampata yeye, na yeye alihitaji mtu wa kumsukuma.

Daktari amesema wazi kwamba kwenye jukwaa sirudi. Mkandarasi amenipa nafasi ya kukaa getini na kuandika magari. Nimemwambia nitamjibu.

Nina ombi. Nikatie vipande ishirini na vitatu visivyo na vinundu wala matundu. Vipana juu, vyembamba chini, kwa vipimo nilivyochora nyuma ya karatasi hii. Usiniulize vya nini.

Timazi

3 Julai

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako kwanza peke yangu, kisha nikamsomea Mama yote, pamoja na ya kamba. Ulitaka nifiche? Nimechoka na kuficha. Nilipomaliza akasema, "Yule kijana aliyemfukuza, amtafute." Akaendelea kukunja nguo. Na mimi siongezi neno.

Sasa ya meneja. Juni thelathini niliingia ofisini kwake na seti mbili, ya zamani na mpya. Nilitaka kuanza na foleni ya choo, nikaona maneno hayatoshi. Nikachukua kitambaa nikamwomba anifunge mkono wa kulia, kidole gumba ndani. Alidhani nimerukwa na akili. Kisha nikamfunga yeye. Meneja mwenye tai, jasho likimtoka, anasukuma kipande cha zamani upande huu kinanyanyuka upande ule. Nikampa kipya. Kiliposhika alisema "ah", kama mtu aliyeingiza uzi kwenye sindano. Akatafuta cha pili mwenyewe. Kisha cha tatu. Nikamsogezea boksi, Timazi. Alijenga mpaka chai yake ikapoa, na hakuuliza hata mara moja ni nini anachojenga.

Usifikiri nimeshinda vita yote. Dukani bado anataka picha, amekataa katakata. Lakini Mama Mazoezi alimwandikia kwa karatasi yenye mhuri wa hospitali akiomba maboksi kumi na mawili, na meneja hawezi kukataa mhuri. Yatatengenezwa, na ya hospitali nyingine zikiomba, bila picha. Mimi sirudi kwenye vijigari. Nimepewa meza yangu, iko karibu na dirisha, mguu mmoja mfupi.

Vipande vyako ishirini na vitatu hivi hapa. Nimevikata kwa mbao ngumu, na sijakuuliza vya nini, ingawa nimekonda kwa kutouliza.

Dada yako

18 Agosti

Dada, shikamoo, na Mama shikamoo.

Getini sikwenda. Kuna chuo cha ufundi nyuma ya soko. Nilikwenda kuwaomba, nikiwa na boksi kwapani kama muuza mayai. Mkuu wa chuo aliniuliza fundi wa mkono mmoja atafundisha nini. Nikamwambia anipe darasa moja la uashi kwa saa moja. Nimepewa mpaka Desemba, tukielewana wataongeza.

Kabla ya hapo nilimtafuta yule kijana. Anajenga kwa mtu mwingine upande wa pili wa mji, na anajenga vizuri. Nilimweleza habari ya ubao wangu. Aliusikiliza mkono wangu kuliko maneno, nadhani. Akasema, "Karibu chai, fundi." Tukanywa. Hatujawa marafiki, lakini tulikunywa.

Darasani nina wanafunzi kumi na wanne, watano wasichana. Siku ya kwanza walipoona vipande vya mbao mezani walitazamana. Mmoja akauliza, "Mwalimu, tumekuja kucheza?" Nikamwambia ndiyo, na atakayecheza ovyo ataanza upya. Kwa vipande vyako wamejifunza kupishanisha viungo kwa siku tatu. Kwa matofali na udongo mimi nilijifunza kwa miezi, kwa sababu ukuta ukishakauka huwezi kuuvunja ujue ulikuwa unafikiri nini. Hapa wanavunja mara ishirini kwa siku.

Ijumaa nilitoa vile ishirini na vitatu. Nilitaka wajenge tao, ule upinde wa juu ya mlango. Hakuna gundi, hakuna kinundu, hakuna udongo. Tuliweka kiegemeo cha mbao katikati, wakapanga kutoka pande mbili, zamu kwa zamu, mpaka ikabaki nafasi moja juu kabisa. Kipande cha mwisho kilikuwa changu. Nilikiingiza kwa mkono wa kulia. Uliyumba, lakini ulifika.

Kisha nikamwambia yule aliyeuliza kama wamekuja kucheza aondoe kiegemeo. Alikataa. Alisema litaanguka, na yeye ndiye atakayeitwa aliyeliangusha. Nikamwambia likianguka tutajenga lingine, hakuna atakayekuuliza. Alikivuta taratibu, macho amefumba. Kulitokea mlio mdogo, vipande vikijikalisha, kila kimoja kikimlalia mwenzake.

Lilisimama, Dada. Linasimama kwa sababu kila kipande kinataka kuanguka na mwenzake anamzuia.

Kipindi kilipoisha niliwaambia walivunje, vipande virudi kwenye boksi, ndiyo utaratibu wetu. Wote kumi na wanne waligoma. Kwa hiyo mpaka leo lipo kwenye meza ya mwalimu, na mimi nasahihisha madaftari kwa kuyapitisha chini yake.

Timazi